Netiboli, mita 400 na sasa raga: goti la nani litalipa?

"Shikamoo kocha. Nina miaka 20, niko mwaka wa pili chuo hapa Dodoma. Nacheza netiboli timu ya chuo, nafasi ya GD (goal defence, yaani beki), na nakimbia mita 400. Muda wangu bora ni sekunde 61. Nina urefu wa sentimita 170 na uzito wa kilo 61. Kuna kaka mmoja aliyecheza raga Arusha ameanzisha timu ya wasichana, ile ya wachezaji saba, na amenifuata mara mbili akisema nina mwili wa raga. Nilienda mazoezini mara moja, nikaipenda. Shida ni tatu. Kocha wa netiboli anasema nichague mchezo mmoja. Mama anasema raga itaniharibu kizazi. Na goti la kushoto linaniuma kwa mbele nikitua, huu ni mwezi wa pili sasa. Je, nimechelewa kuanza? Niache netiboli? Kweli mtu anaweza kufika mbali akiwa na michezo mitatu?"

Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza maswali matatu na kutaja shida tatu, na iliyonishtua ni shida uliyoitaja ya mwisho, ya goti. Tutalifikia. Kwanza tuondoe hofu ya kuchelewa.

Hujachelewa. Raga ya wanawake ya wachezaji saba ni mchezo ambao watu huingia wakiwa wakubwa, wakitokea kwingine. Portia Woodman wa New Zealand alikuwa mchezaji wa netiboli wa Northern Mystics, timu ya ligi kubwa kabisa ya netiboli upande ule wa dunia. Mwaka 2012 chama cha raga cha nchi yake kilipozunguka kutafuta wanariadha wa michezo mingine, akajitokeza, akiwa na umri kama wako tu. Akapata medali ya fedha Rio 2016, kisha dhahabu Tokyo na Paris, na katikati ya hayo akabeba Kombe la Dunia la raga ya wachezaji 15. Chloe Dalton wa Australia alitoka kikapu, akachukua dhahabu ya raga Rio, halafu akahamia mpira wa miguu wa Kiaustralia na kucheza ligi kuu yake. Ilona Maher wa Marekani alicheza mpira wa magongo, kikapu na softiboli shuleni. Raga aliianza akiwa na miaka 17, na mwaka 2024 akarudi nyumbani na shaba ya Olimpiki. Jirani zetu Kenya walipeleka timu ya wanawake Rio na Tokyo.

Ila usiyasome majina hayo nusu nusu. Woodman alipohama aliingia kwenye mfumo wenye kocha wa nguvu, daktari, mtu wa fiziotherapia na, baadaye, mshahara. Wewe utakuwa na makocha watatu ambao huenda hawajawahi kupigiana simu, na goti moja la kushoto. Hapo ndipo penye kazi. Kipaji cha kucheza michezo mitatu unacho. Kinachokosekana ni mtu wa kujumlisha kazi yote inayofanywa na mwili wako kwa wiki. Kwa sasa mtu huyo itabidi uwe wewe mwenyewe.

Tuanze na ulichonacho tayari, kwa sababu huyo kaka hakukosea. GD mzuri husoma pasi kabla haijatoka mkononi, na huo ndio ulinzi wa raga ya saba, ambapo watu saba wanalinda uwanja wenye upana wa hadi mita 70. Mikono yako imezoea kudaka mpira wa juu ukiwa hewani huku mtu yuko ubavuni. Katika raga ya saba timu iliyofunga ndiyo inayopiga mpira kuanzisha upya, kwa hiyo anayeudaka mpira ule anaweza kuipa timu yake mashambulizi matatu mfululizo bila wapinzani kugusa kitu. Makocha huwatafuta watu wa namna hiyo kwa tochi. Na mita 400 imekupa kile kinachowaangusha wengi: mchezo ni dakika 7 mara mbili na mapumziko yasiyozidi dakika 2, lakini kwenye mashindano unacheza mara mbili au tatu kwa siku. Miguu iliyozoea kuungua kwenye mita 100 za mwisho haishangai sana.

Sasa vitakavyokupinga. Netiboli imekufundisha kudaka na kusimama; raga inataka udake ukiwa tayari unakimbia na uendelee kukimbia. Utajikuta unafunga breki bila kufikiri, na beki atakukuta hapo hapo. Netiboli imekuruhusu kupasi mbele. Raga pasi ya mkono haiendi mbele kamwe. Dawa ya yote mawili ni moja, na haihitaji uwanja mzima. Watu wanne mstari mmoja, nafasi ya mita tano tano kati yao, mnatembea, mpira unapita kuanzia mwisho hadi mwisho, kila mmoja akiwa hatua mbili nyuma ya anayempa. Dakika kumi za kutembea, kumi za kukimbia taratibu. Wiki tatu za zoezi hili zitakusaidia kuliko mechi kumi za kirafiki. Mbio nazo zimekuzoesha kukimbia wima na mbele tu, wakati raga ni kupunguza mwendo, kugeuka, kuongeza tena. Fanya mazoezi ya kupunguza mwendo: kimbia mita 15, simama ndani ya hatua tatu fupi, nyonga chini, kifua juu. Rudia mara sita, siku mbili kwa wiki. Wengi hufanyia mazoezi kuondoka kwa kasi na kusahau kusimama, halafu wanaumia wakisimama.

Kitu kimoja hukipati kwenye netiboli wala kwenye mbio: kukaba na kuangushwa. Netiboli inakuweka sentimita 90 kutoka kwa mwenye mpira. Raga inakutaka umkumbatie na kumlaza chini. Hapa sitaki ufanye haraka hata kidogo, maana wasichana wanaotoka michezo isiyo na mgongano huumia mapema mno, na sababu mara nyingi si nguvu ndogo bali kutojua kuanguka. Anayeanguka chali bila kukaza shingo, kichwa kinarudi nyuma na kugonga ardhi. Ardhi ya Dodoma kuanzia Juni hadi Novemba unaijua, ni sawa na sakafu.

Kwa hiyo mfuatano uwe hivi, na kama kocha wako anaruka hatua, mwambie kwa heshima. Wiki ya kwanza ni kuanguka tu, bila mtu: toka kwenye magoti, kidevu kifuani, viwiko ndani, ukitua kwa paja, kisha nyonga, kisha bega. Usinyooshe mkono kujikinga. Mkono ulionyooka ndio unaovunja kifundo cha mkono au kutegua bega. Ukishalala, geuka na unyooshe mpira kwa mikono miwili kuelekea kwa wenzako. Wiki ya pili ni kukaba mkiwa wote wawili magotini, kwenye nyasi au godoro. Ya tatu, anayekaba ametanguliza goti moja chini na mwenye mpira anatembea. Ya nne ndipo wote mko wima, kwa mwendo wa matembezi. Kasi inakuja baada ya hapo.

Na kila mara angalia kichwa chako kiko wapi. Mguu wa kuongoza uingie karibu na miguu yake, bega ligonge pajani au chini kidogo ya mbavu, shavu lako libane makalio yake, mikono ifunge nyuma ya mapaja, kisha miguu iendelee kusukuma. Kichwa kikae nyuma au pembeni, kamwe kisipite mbele ya mwili wake. Kichwa kikitangulia mbele, goti lake au nyonga yake inakipiga, na anayeumia ni mkabaji. Watu hudhani hatari ni kukabwa. Mkabaji mwenye mbinu mbovu ndiye aliye hatarini zaidi. Ukimkaba juu ya mstari wa mabega ni kosa kisheria, na vichwa vyenu viwili vinakuwa usawa mmoja.

Shingo nayo ifanyiwe kazi. Weka kiganja kwenye paji la uso, sukuma kichwa dhidi ya mkono bila kichwa kusogea, sekunde 10. Halafu kisogoni, kisha kila upande. Mizunguko mitatu, siku tatu kwa wiki. Unaweza kufanya ukisubiri daladala, watu watakushangaa kidogo.

Ukigongwa kichwa, sheria haina mjadala: ukihisi kizunguzungu, kuona ukungu, kichefuchefu, kusahau matokeo, au wenzako wakikuona umeduwaa, unatoka na hurudi siku hiyo, hata kama fainali imebaki dakika moja. Si lazima uzimie. Pumzika siku moja au mbili bila mazoezi na bila kukodolea simu, kisha rudi kwa hatua, matembezi kwanza. Mwongozo wa raga ya ngazi yetu unataka zipite angalau siku 21 kabla ya mechi, na usiwe na dalili yoyote. Kutapika mara kwa mara, maumivu ya kichwa yanayozidi, degedege, kuona vitu viwili viwili, ganzi ya mkono au maumivu makali ya shingo ni kwenda hospitali usiku huo huo, si kesho. Mchezaji wa michezo mitatu ana mtego wake hapa: anaumia kichwa Jumamosi kwenye raga, Jumatatu anaenda netiboli kwa sababu "huku hakuna kugongana". Ubongo haujui uko mchezo gani. Makocha wote watatu waambiwe.

Kuhusu mama. Mfuko wa uzazi wa mwanamke asiye mjamzito umekaa ndani ya mifupa ya nyonga, mahali palipolindwa vizuri kuliko viungo vingi vya mwili. Kukabwa hakuuharibu, na hakukufanyi mgumba. Matiti yanaweza kupata michubuko, kwa hiyo vaa sidiria ya michezo inayobana vizuri. Ukiwa mjamzito, mgongano unaacha mara moja. Kinachoweza kugusa uzazi kwa kweli ni kingine, na kinawapata wakimbiaji kuliko wacheza raga: kula kidogo kuliko unachotumia. Mwili ukiona hautoshelezwi huzima hedhi, mifupa inadhoofika, nyufa za mfupa wa mguu zinaanza. Hedhi ikikosekana miezi mitatu mfululizo na huna ujauzito, nenda kwa daktari. Usiifurahie kama mapumziko.

Basi mwambie mama ukweli wote. Mwambie hatari za raga ni kichwa, bega na goti, na useme unavyojikinga. Mzazi anayeambiwa "hakuna hatari" hukataa kwa haki kabisa. Mwalike aje siku moja ya mazoezi aone mnavyoanzia magotini.

Chakula basi, kwa kifupi. Kwa kilo zako 61 na kazi ya michezo mitatu, lenga protini kama gramu 100 kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6, glasi ya maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyoiva karibu 15. Ukiongeza karanga kiganja kimoja mara mbili na dagaa au nyama jioni, unafika bila kununua unga wa kopo. Ugali wa uwele au mtama na mlenda ni chakula kizuri cha mchezaji. Usiuache kwa sababu mtu kakuambia ugali unanenepesha. Wala huhitaji kuongeza kilo ili "uwe na mwili wa raga". Nguvu za nyonga na mabega ndizo zinazohitajika.

Sasa goti. Maumivu ya mbele, chini kidogo ya kifuniko cha goti, yanayokuja ukitua na yaliyodumu zaidi ya mwezi, mara nyingi ni kano iliyochoka kubeba mzigo. Na ona jambo hili: yameanza kabla ya raga. Netiboli inakutaka udake hewani, utue, na mguu uliotua kwanza ukiuinua usiurudishe chini kabla mpira haujatoka. Maana yake kasi yote inazimwa kwa hatua moja au mbili, mara nyingi juu ya uwanja wa saruji, tena na tena. GD naye huruka mara nyingi. Ukiongeza mbio za kona za mita 400, kano haipati siku ya kupona.

Jipime. Simama kwa mguu wa kushoto mbele ya simu inayorekodi, chuchumaa taratibu hadi goti likunje kama digrii 60, mara kumi. Kisha mguu wa kulia. Angalia video: goti linaenda sawa na kidole cha pili cha mguu, au linaangukia ndani? Likiangukia ndani, una kazi ya nyonga na paja la nyuma kabla ya kukaba mtu yeyote, kwa sababu kutua huku goti limeingia ndani ndiyo njia kuu ya kukata ligamenti ya katikati ya goti, ile wachezaji wanaiita ACL. Wanawake huumia hiyo mara kadhaa zaidi ya wanaume katika michezo ya kuruka na kugeuka, na ikikatika mara nyingi ni upasuaji na miezi tisa au zaidi nje.

Kwa kano, anza na kukaa ukutani: mgongo ukutani, magoti yamekunjwa karibu digrii 70, sekunde 45, mara 5, kila siku. Maumivu yasizidi 3 kati ya 10, na asubuhi yake yawe yamerudi yalipokuwa. Yakizidi, umepitiliza. Baada ya wiki mbili ongeza kuchuchumaa na uzito mgongoni, taratibu, sekunde 3 kushuka na 3 kupanda. Pumziko kamili la mwezi ndilo kosa la kawaida: maumivu yanapotea, kano inabaki dhaifu, siku ya kwanza ya kuruka yanarudi.

Lakini kabla ya hayo yote nenda kwa mtu wa fiziotherapia akuguse goti kwa mikono yake. Hospitali ya rufaa ya mkoa na ile ya Benjamin Mkapa ni mahali pa kuanzia, na chukua kadi yako ya bima. Nenda haraka zaidi kama goti lilivimba ndani ya saa chache baada ya kuumia, kama ulisikia mlio, kama linakwama au linakuachia ukishuka ngazi. Hizo si dalili za kano iliyochoka.

Hesabu ya wiki ndiyo hii. Chukua dakika za zoezi, zidisha kwa ugumu ulivyousikia, kuanzia 1 hadi 10. Tuseme una netiboli mara tatu, dakika 90 kwa ugumu wa 5: ni 450 kila moja, jumla 1,350. Mbio mara mbili, dakika 60 kwa 7: ni 840. Wiki nzima 2,190. Ukiongeza raga mara mbili, dakika 75 kwa 7, zinaingia 1,050 na unafika 3,240. Umepandisha mzigo kwa karibu nusu ndani ya wiki moja, na goti tayari linalalamika. Sasa ondoa netiboli moja na mbio moja, weka raga zile mbili: 2,370. Umepanda kama asilimia 8. Hilo mwili unalibeba. Andika kwenye daftari kila Jumapili usiku, na siku moja kwa wiki iwe tupu kabisa.

Daftari hilo ndilo la kumpelekea kocha wa netiboli. Hoja yake ina ukweli ndani, anaogopa ukiumia atabaki bila beki. Usimwambie "sichagui". Mpe tarehe: kuanzia wiki nne kabla ya mashindano ya vyuo, raga utafanya pasi na mbio tu bila kukabana, na wiki ya mashindano hutafanya kabisa. Makocha wengi hukubali kalenda kuliko ombi.

Je, uiache netiboli? Mimi nasema hapana, na sababu si mapenzi tu. Timu nyingi kubwa za netiboli nchini ni za majeshi na taasisi za umma, na mchezaji mzuri hupata ajira kupitia kwayo. Raga ya wanawake Tanzania haina ligi ya kulipwa. Utakachopata mwanzoni ni safari za Arusha na Dar es Salaam, nauli mkichangishana, na labda kuitwa timu ya taifa, ambayo kwa mchezo wenye wachezaji wachache hupatikana mapema kuliko kwenye netiboli. Jipe misimu miwili. Ukiitwa kambi ya taifa ya mchezo mmoja, au tarehe zikianza kugongana kila mwezi, hapo chagua. Na shahada umalize.

Kwa huyo kaka, uliza mambo matatu kabla ya zoezi la pili. Amefanya kozi za usalama za mtandaoni za World Rugby? Ni za bure, hana kisingizio. Nani ana sanduku la huduma ya kwanza na gari liko wapi mtu akiumia? Na je, mnapasha mwili kwa dakika 20 zenye kuruka, kutua na kusimama kwa mguu mmoja, au mnazunguka uwanja mara mbili tu?

Vifaa ni vichache. Kinga ya meno ile ya kuchemsha na kung'ata, usikabe bila hiyo. Viatu vya mpira vya mitumba vinatosha, vyenye njumu nyingi fupi za plastiki. Njumu ndefu za chuma kwenye ardhi ngumu hukung'ang'aniza mguu wakati goti linageuka, na spaiki za riadha haziruhusiwi kabisa. Pitisha kidole kila njumu, iliyopasuka hukata mtu. Hereni, shanga za nywele na kucha ndefu vibaki bweni. Kabla ya kuanza, pangeni mstari mtembee uwanja mzima mkiokota mawe, vipande vya chupa na mbigili. Zile mbigili zikikuingia kiganjani siku ya kwanza utadhani raga ndiyo imekuuma.

Zoezi lako la pili la raga liwe la pasi tu. Ukabaji uanze siku utakapochuchumaa kwa mguu wa kushoto mara kumi, goti likienda sawa na vidole, na kesho yake asubuhi ukashuka ngazi za bweni bila kushika ukuta.